Mtani Niliyempa Sifuri

Miaka kumi na tisa nimefundisha fasihi ya Kiingereza hapa Ifakara, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuiona theluji. Nasema mapema kwa sababu theluji nimeifundisha sana. Nimeeleza inavyoanguka, inavyofunika paa la kanisa, inavyowatia washairi huzuni. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikwangua barafu kwenye friza ya duka la soda, nikaipeleka darasani kwenye bakuli ili wanafunzi waishike. Ilipofika dawati la nyuma ilikuwa maji. Nikawaambia, kwa uso mkavu, kwamba huo ndio ufupi wa maisha anaouzungumzia mshairi. Wakaandika. Kila nilichosema waliandika, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuharibika, kwa sababu mtu akiandikwa miaka mingi bila kuulizwa swali hudhani anasema kweli.

Wanafunzi wananiita Muktadha. Hawaniiti hivyo mbele yangu, lakini madirisha ya bweni hayana vioo na mimi nina masikio. Jina hilo nilijitafutia mwenyewe. Ukiniuliza lolote kuhusu shairi, nitainua kidole na kusema, "Muktadha kwanza." Huwezi kulielewa shairi la Kiingereza, niliwaambia, kama hujui aliyeliandika aliishi wapi, alikula nini na aliogopa nini. Ni maneno mazuri na bado nayaamini. Tatizo ni kwamba muktadha wenyewe niliutoa kwenye daftari la kaunta nililonakili kwa mwalimu wangu, naye alinakili kwa mwalimu wake, na katika ukoo huo mzima wa walimu sidhani kama kuna aliyefika mbali zaidi ya Dar es Salaam.

Daftari hilo nililitunza kuliko nilivyojitunza mimi. Mgongo wake niliubandika plasta ya hospitali. Siku ya mvua nilivua koti nikalifunika, nikafika shuleni nimelowa chepechepe na notisi zangu zikiwa kavu. Kila shairi na kila tamthilia ilikuwa na kurasa zake: wahusika, dhamira, muktadha, basi. Jibu ambalo halikuwemo humo lilikuwa kosa.

Mara moja nilisomesha shairi la mchungaji aliyekaa mlimani akipuliza filimbi, kondoo wakila majani, hakuna anayemsumbua. Mwanafunzi mmoja, ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hilo shamba wanalolisha ni la nani?" Darasa likacheka, halafu likanyamaza, kwa sababu nusu yao walikuwa watoto wa wakulima wa mpunga na swali hilo walilisikia nyumbani likiulizwa bila kicheko. Niliiona hatari, nikaikimbia. Nikamjibu kwamba hao ni kondoo wa kishairi, hawali mpunga wa mtu. Wakaandika na hilo.

Lakini dhambi ninayotaka kuisema si hiyo.

Kidato cha sita mwaka mmoja tulikuwa na tamthilia ya zamani, ya mabwana wa Kiingereza wenye majumba ya mawe na mbwa wengi. Bwana mmoja anafariki na kuacha wana wawili wasiosemezana kwa sababu ya ardhi. Siku ya mazishi, jeneza likiwa linatolewa, mchekeshaji wa nyumba ile, mtu wa nguo za viraka, anakaa kwenye kizingiti. Anasema marehemu hatoki mpaka yeye arudishiwe viatu vyake ambavyo marehemu aliviazima. Waombolezaji wanakasirika. Wana wawili wanakwenda kuvitafuta viatu, wanarudi navyo, mazishi yanaendelea. Basi. Daftari langu lilikuwa na jibu: mchekeshaji ni ishara ya jamii iliyooza, isiyoheshimu hata maiti, na mwandishi amekata tamaa. Nililisoma kwa sauti nzito, na wanafunzi wakaandika kimya.

Darasani kulikuwa na binti kutoka Uchindile, mtoto wa wakulima, mpole, mwenye mwandiko wa duara. Alitaka kuwa mwalimu wa Kiingereza. Ukimtajia uuguzi anatabasamu tu, ukimtajia kilimo anatabasamu zaidi. Kwa hiyo alama ya somo langu ndiyo iliyokuwa imeshika maisha yake. Yeye alilijua hilo na mimi nililijua.

Kwenye mtihani wa majaribio niliuliza kuhusu yule mchekeshaji wa mazishi. Binti akajaza kurasa mbili. Kwa Kiingereza chake safi aliandika kwamba kwao mtu wa namna hii anaitwa mtani. Mtani hadai viatu kwa sababu anavitaka. Anawapa wafiwa kazi ndogo ya kipuuzi ili waache kugombana na wapate nguvu ya kuzika, na anayefanya hivyo hamdharau marehemu, anamsindikiza. Mwandishi hajakata tamaa hata kidogo, aliandika. Nikachora sifuri kubwa kwa wino mwekundu, na chini yake nikaandika: Zingatia muktadha.

Nifafanue kwamba mimi ni Mpogoro. Nimekulia kwenye utani. Nikiwa mdogo nimeona watani wakilala njiani mbele ya jeneza, nimeona mwingine akimfokea maiti kwa kuondoka bila kuaga. Ungeniuliza kwa Kiswahili mtani ni nani, ningekueleza mpaka chai ipoe. Kwa Kiingereza sikumtambua. Alikuja amevaa viraka vya kigeni, nikamwita ishara ya jamii iliyooza.

Siku ya pili binti akaja ofisi ya walimu na karatasi yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Mwalimu, naomba unielekeze. Sijaelewa hapa nimekosea wapi."

"Umeandika habari za kwenu," nikamwambia. "Mwandishi ni Mwingereza. Uingereza hakuna watani."

"Sawa, mwalimu. Ila huyu mtu mbona anafanya vilevile?"

"Vilevile vipi?"

"Wale ndugu wawili hawajasemezana tangu mwanzo. Nimeangalia ukurasa kwa ukurasa. Wanasemezana mara ya kwanza wakiwa wanatafuta viatu."

Nilikuwa nimeifundisha tamthilia ile zaidi ya mara tano na sikuwahi kuangalia hilo. Mwalimu wa jiografia alikuwa meza ya pili, amejifanya anasoma gazeti, na gazeti halijageuka ukurasa kwa muda mrefu. Mtu mwenye akili angesema, "Hebu niache nitazame." Mimi nikasema, "Mtihani wa taifa hausahihishwi Uchindile, binti yangu."

Mwalimu wa jiografia akacheka. Nilifurahi kwamba alicheka, nakiri. Binti hakucheka.

"Andika nilivyofundisha," nikamalizia. "Unataka ualimu au hutaki?"

"Nataka, mwalimu. Asante."

Akaondoka, karatasi akaiacha mezani. Sikumkimbilia kumpa. Niliikunja nikaitia kwenye daftari la kaunta iwe ya kunionyesha nilipoishia kusoma.

Wiki chache baadaye, mitihani ya kidato cha sita ikiwa imeanza, mama yangu alifariki. Alikuwa Idete, kwenye nyumba ambayo yeye na baba waliijenga walipohama kutoka upande wa Mahenge. Baba alishatangulia. Tulibaki mimi, mtoto wa kwanza, na mdogo wangu wa kiume, na mimi na mdogo wangu tulikuwa hatusemezani karibu mwaka mzima. Sababu ilikuwa majaruba ya mpunga ya mama. Mdogo wangu alitaka ayalime, mimi nilitaka yakodishwe, mama alitaka tumwache alime mwenyewe. Alilima mwenyewe mpaka mwezi aliougua.

Niliusimamia msiba ule kama ninavyosimamia mtihani. Nilipanga viti, nikapanga ratiba, nikamtazama kwa jicho kali aliyechelewa. Machozi hayakuja, na niliwaambia watu, na mimi mwenyewe nikajiambia, kwamba mkubwa lazima ajikaze. Kuhusu mdogo wangu, tuligawana kazi kwa kupitia katekista. "Mwambie mwenzangu turubai lisogezwe." "Mwambie kaka limeshasogezwa." Katekista alikuwa mzee wa watu, alikwenda na kurudi kati yetu bila kulalamika.

Siku ya maziko nilisoma risala. Niseme wazi kwamba risala ya mama yangu mzazi niliigawa katika dhamira. Kulikuwa na dhamira ya bidii, dhamira ya uvumilivu na dhamira ya imani, na utangulizi kuhusu muktadha wa kuhama kwao kutoka Mahenge. Jeneza lilikuwa sebuleni, watu wamejaa mpaka uani. Nikasafisha koo nikaanza, "Dhamira ya kwanza katika maisha ya mama yetu—"

"Dhamira ya kwanza, ungo wangu," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa mama mmoja wa makamo wa ukoo ambao ukoo wetu una utani nao. Alikuwa amejifunga khanga ya mama kifuani kama mama alivyokuwa akijifunga, fundo kubwa upande wa kushoto, na jembe la mama begani. Akaingia kwa mwendo wa mama, ule wa kuvuta mguu kidogo na kuwapita watu bila kuwaomba njia. Watu wakaanza kuficha kicheko kwenye viganja. Akasimama mbele ya jeneza.

"Wewe bibi," akamwambia marehemu, "unakwenda wapi na ungo wangu hujaurudisha? Uliuazima kwangu ukasema ni wa siku moja. Siku moja hiyo mpaka leo? Na kwenye kwaya ulikuwa unatangulia kuimba, tunakufuata mbio, na leo umetangulia tena. Nani alikupa zamu?"

Kicheko kikaachiwa. Hata katekista alicheka, akaficha uso na kitabu cha nyimbo. Mama kweli alikuwa akitangulia kwaya. Ilikuwa aibu yetu ya kila Jumapili.

Mtani akatoka, akaketi kizingitini, miguu ameinyoosha, jembe amelilaza magotini. "Hapiti mtu hapa. Naomba ungo wangu."

Nikamwambia kwa upole wa kiofisi kwamba tutautafuta baada ya maziko, na kwamba nilikuwa katikati ya risala.

"Mwalimu," akasema, akanigeukia, akaweka mkono kwapani kana kwamba amebeba kitabu, akarudisha shingo nyuma, "nimesikia. Dhamira ya pili ni ipi? Ungo. Ya tatu? Ungo. Nenda kautafute. Na nenda na mdogo wako, maana ukienda peke yako utaniletea wa dukani."

Msiba mzima ukanitazama. Na mdogo wangu akanitazama, mara ya kwanza tangu nifike. Hatukuwa na namna. Nikaiweka risala mfukoni, tukatoka kwa mlango wa nyuma, na watu wakapiga kelele, "Kimbieni, maiti inasubiri." Tukakimbia. Mimi na suti yangu, tumbo langu na viatu vyangu vya ngozi, nikakimbia uani mpaka jikoni, kuku wakitawanyika.

Jiko la mama lilikuwa giza na lilinuka moshi wa siku nyingi. Tukapekua nyuma ya mitungi, chini ya kuni, kwenye kona ya kinu. Mdogo wangu alikuwa akihema.

"Alikuwa anaweka juu," akasema.

"Juu wapi?"

"Darini. Panya wasifike."

Ni yeye aliyejua. Mimi mwenye dhamira tatu sikujua mama yangu aliweka wapi ungo. Nikampa mgongo akapanda, kama tulivyokuwa tukipanda kuiba sukari guru, akaushusha taratibu kwa sababu haukuwa mtupu. Ulikuwa umejaa mpunga wa mbegu. Mama alikuwa ameshachagua mbegu ya msimu unaofuata, punje kwa punje, akaufunika kwa kitambaa cha kanisani.

Tulisimama tumeushika, yeye upande huu na mimi upande ule. Ndipo nilipolia. Sikulia kwa ustaarabu. Nililia kwa sauti, kamasi zikiingia kwenye kola, na mdogo wangu akaniambia, "Kaka, usimwage mbegu," kisha yeye naye akashindwa. Tukaimimina kwenye ndoo. Tukasemezana. Hatukuzungumzia majaruba, tulizungumzia kama ndoo ina mfuniko. Lakini tulisemezana.

Tulipoufikisha ungo, mtani akauinua mbele ya macho yake, akaugeuza, akaupuliza. "Si wangu. Wangu haukuwa na tundu," akasema. "Lakini mwalimu amekimbia. Bibi, umeona? Mwanao amekimbia." Akasimama, akavua khanga ya mama akaikunja vizuri juu ya jeneza, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuanza kulia kwa sauti tulipotoka. Mimi na mdogo wangu tulibeba pande mbili za mbele. Risala haikumaliziwa, na mpaka leo hakuna aliyeiulizia.

Jioni, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka, nilifungua daftari la kaunta. Nilikuwa nimekwenda nalo msibani. Ndiyo, msibani. Karatasi ya binti ikadondoka. Niliisoma yote, kurasa mbili, na sifuri yangu ikinitazama chini. Kazi ndogo ya kipuuzi, alikuwa ameandika. Wanasemezana wakitafuta. Anamsindikiza. Nilimwonea haya mtoto yule kana kwamba amekaa pale mkekani mbele yangu.

Mtihani wake wa fasihi ulikuwa kesho yake asubuhi. Nikaamua nitamwahi kabla hajaingia, nimwambie alikuwa sahihi. Njiani, nyuma ya bodaboda kwenye tope, ujasiri ukaanza kupungua. Nikimwambia aandike lake, nani atalisahihisha? Msahihishaji naye ana daftari lake. Nikinyamaza, ataandika langu na huenda akafaulu. Nilikuwa bado nabishana na nafsi yangu pikipiki iliponasa, nikashuka, tukaisukuma, na nikafika shuleni nikikimbia, mara ya pili ndani ya siku mbili. Nilikuta wanatoka.

Alinikimbilia akiwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo.

"Shikamoo mwalimu. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Mwalimu, lile la mazishi limekuja. Lilelile. Nimeandika vyote ulivyotufundisha. Jamii iliyooza, mwandishi kukata tamaa, vyote. Sijaruka hata neno."

Viatu vyangu vilikuwa vimejaa tope. Karatasi yake ilikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia, "Umefanya vizuri." Nilikuwa mwoga. Nikajiambia simharibii siku, na mwoga huwa hakosi sababu nzuri.

Alifaulu kwa alama za juu. Nilipongezwa kwenye kikao cha walimu, na yule wa jiografia akanishika bega. Nikauchana ukurasa wa jibu lile kwenye daftari, na waliofuata niliwafundisha onyesho lile kwa kuwauliza kwanza: huyu mtu kwenu anaitwaje? Walijibu kabla sijamaliza swali. Nikajihesabu nimetubu, na yeye niliyemkosea sikumwambia kitu. Alikwenda chuo, miaka ikapita.

Mwaka huu amepangiwa shule. Akaniandikia kwenye simu, kwa heshima zote, kwamba amepewa kidato cha sita na tamthilia ni ileile, na kwamba kati ya walimu wote aliowahi kuwa nao hakunisahau mimi. Aliomba notisi zangu za onyesho la mazishi. Wanafunzi wake, aliandika, wanaleta majibu ya ajabu, wanachanganya na mambo ya kwao, na anataka kuwarudisha kwenye muktadha.

Nikaitoa karatasi yake kwenye daftari, nikainyoosha juani kwenye ukuta wa baraza, nikaipiga picha pande zote mbili, na sifuri yangu ikaonekana vizuri kabisa. Nikaituma.

Jibu likaja upesi. "Samahani mwalimu, nadhani umekosea kutuma. Hii ni ile niliyokosa."

Nikampigia. Akapokea, nyuma yake nikasikia darasa lenye kelele.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Sikukosea kutuma. Waache watoto waseme, kisha wasomee hiyo. Aliyekosa ni mimi."

Darasa lake liliendelea kupiga kelele, na yeye hakulinyamazisha.